Miguu Mipya ya Kruza: Ngumu Zaidi, Laini Zaidi, na Bado!

Ndugu yangu, acha kila unachofanya unisikilize! Nimeshuka kwenye pikipiki sasa hivi, koti sijalivua, vumbi jekundu la Karatu limeniganda kwenye buti, na mikono inawashwa kurudi kwenye usukani. Nimeendesha kruza iliyobadilishwa shokapu za mbele. Za mbele tu, basi! Injini ileile, tairi zilezile, kiti kilekile, tangi lilelile linalong'aa, lakini pikipiki si ileile hata chembe. Imekuwa tulivu, imekuwa sikivu, imekuwa tamu, ina adabu mbele ya tuta, ina msimamo kwenye kona, ina... aisee, yaani ina raha ambayo hakuna aliyewahi kuniahidi kwenye kruza, na bado!

Wewe unayeendesha kruza unaijua vizuri ile adhabu ya matuta. Unaliona tuta limejilaza barabarani, unakamata breki, pua inazama puu mpaka mwisho wa mwendo wake, na gurudumu linapolifikia tuta lenyewe shokapu hazina tena pa kwenda. Kishindo chote, kizima kizima, kinapanda kwenye usukani, kinaingia viganjani, kinapita viwikoni, kinatua shingoni. Na tumezoea! Tumeambizana kwamba kruza ndivyo ilivyo, ni mashine ya barabara iliyonyooka, ya mlio mzito na mwendo wa maringo, na anayetaka ulaini akanunue gari. Jamani, si kweli! Si kweli kabisa! Nimetoka Arusha, nimeyakaribia matuta ya upande wa Kisongo mabega yamekaza, meno yamebana, mwili mzima umejiandaa kupigwa. Nikapanda. Nikashuka. Kishindo kiko wapi? Nikageuza shingo kuangalia nilichopita, na tuta lilikuwepo palepale, kubwa, refu, baya, lile la kupandisha mtu hasira. Mimi hasira sina. Mimi nacheka peke yangu ndani ya helmeti!

Na hapa ndipo penye maajabu yenyewe. Springi zilizowekwa ni ngumu kuliko za zamani. Ndiyo, umesikia sawasawa, ngumu zaidi, na mwendo umekuwa laini zaidi, laini mno, laini wa kushangaza! Sababu yake ukishaielewa hutalala. Springi laini kupita kiasi huwa imeshalemewa kabla safari haijaanza. Kruza ni nzito, wewe nawe umekaa, pengine na abiria, pengine na mabegi, na springi imekwisha kuzama, imebakiwa na nafasi kiduchu ya kufanyia kazi. Ukishika breki, uzito unakimbilia mbele, ile nafasi kiduchu inaliwa yote, na tuta linakukuta huna akiba. Springi inayolingana na uzito wako inabaki juu, imara, na nafasi tele chini yake, kwa hiyo kila tuta linapata mahali pa kumezwa. Ugumu unatunza nafasi, nafasi inazaa ulaini. Ndiyo siri yote, na nimeisikia kwa viganja vyangu mwenyewe!

Lakini springi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine nimeishika mkononi na sikutaka kuirudisha mezani. Ni kivali kidogo, kizito kuliko macho yanavyokidhania, kinang'aa, kimechongwa kwa unadhifu wa kupendeza, kina kispringi chake, kisahani chake, na skrubu yake ya kurekebishia katikati. Kinaitwa emuleta, na hivi nilivyovishika vinatoka Race Tech, kampuni ya California inayojulikana sana kwa kazi hizi. Unakibonyeza kwa kidole gumba, kinafunguka kidogo, tik, kinajifunga. Unabonyeza tena. Tik! Kitu kinachoingia kwenye kiganja, kinachofichwa ndani ya bomba la shokapu ambako hakuna atakayekiona milele, hakina kromu, hakina mlio, hakina jina la kuringia kijiweni, na ndicho kilichoibadilisha pikipiki nzima!

Kinafanyaje? Chukua bomba la sindano, lijaze maji. Ukisukuma taratibu, maji yanatoka bila ubishi. Ukisukuma kwa ghafla na kwa nguvu, linagoma, linakukazia kidole. Basi ndani ya mguu wa shokapu wa kawaida, ule ulio kwenye kruza nyingi za bei ya kati, kuna fimbo yenye matundu, na mafuta hupenya kwenye matundu hayo kwa tabia ileile. Kasi ya kusukuma ikizidi mara mbili, ukinzani unapanda mara nne. Mara nne! Ndiyo maana shokapu za namna hiyo zinakusaliti pande zote mbili: breki inazamisha mguu polepole, mafuta yanapita bure, pua inaanguka, tuta linaupiga ghafla, mafuta yanasongamana mlangoni, mguu unakakamaa na kishindo kinakujia wewe. Laini pale unapotaka uimara, ngumu pale unapotaka ulaini! Emuleta inaugeuza mchezo wote. Matundu ya chini ya fimbo yanatobolewa yawe makubwa, yasizuie tena kitu wakati mguu unazama, na kazi ya kuzuia inakabidhiwa kivali. Kwenye breki kinabana, kinaishika pua isianguke. Likija pigo la ghafla kinafunguka, kinayaachia mafuta yapite, kinajifunga tena, kufumba na kufumbua, na wewe juu hujui kwamba kuna kitu kimetokea. Hujui! Unaona tu kwamba barabara imekuwa nzuri.

Ungekuwepo gereji siku ya kufungua, ndugu yangu! Pikipiki imeinuliwa mbele kwa jeki na kufungwa kamba isiyumbe, gurudumu limetolewa, breki imening'inizwa pembeni kwa waya ili mpira wake usivutwe, na ile miguu miwili mirefu imelala mezani. Fundi akafungua kofia ya juu taratibu, taratibu sana, kiganja chake kimeikandamiza, kwa sababu springi iliyo chini yake imebanwa na ikiruka inajeruhi. Ikapumua. Kisha akayamwaga mafuta ya zamani. Wee! Ya kijivu, machafu, yenye chenga za chuma zinazometameta chini ya beseni, na harufu ya samaki kabisa, samaki wa juzi, iliyojaa gereji nzima. Mafuta ya injini tunabadilisha kila mara na kuyasifia, haya ya shokapu tunayasahau miaka na miaka, na ndiyo yanayobeba mikono yetu!

Halafu yakaja mambo matamu. Sili mpya, bushi mpya, bomba limepanguswa mpaka linaakisi uso wako. Na kwenye kruza jambo hilo lina uzito wa pekee, maana miguu yake imelala sana kwenda mbele, ndiyo inayoipa sura ile ya kifalme, na mguu uliolala hupinda kidogo unapopigwa, bomba likasugua ndani badala ya kuteleza. Ukiiweka bushi safi na mafuta safi, mguu unaacha kusita, unaanza kutembea hata kwa kokoto ndogo. Kivali kikadumbukizwa ndani, kikateleza hadi kwenye kichwa cha fimbo, kikakaa, klik ya chinichini, na springi mpya ikashuka juu yake kukishikilia. Basi! Hakuna kuchomelea, hakuna kukata fremu, hakuna kinachoonekana nje. Mafuta mapya yakamiminwa kwa subira, mazito kiasi kuliko yale ya kwanza, kwa sababu ule mwendo wa kurudi, wa mguu kunyooka baada ya kuzama, bado unasimamiwa na matundu ya fimbo, na mafuta mazito ndiyo yanayoituliza springi ngumu isikurushe. Mguu ukapandishwa, ukashushwa, mapovu yakatoka, ukapandishwa tena, mpaka ukaacha kugugumia na kuanza kupumua kwa sauti moja tu, nene, nzito, yenye raha. Ningeisikiliza sauti ile mchana kutwa!

Na kipimo! Kipimo ndicho kilichonimaliza, kwa sababu pikipiki ilikuwa inapimiwa mwili wangu mimi. Fundi alifunga kamba nyembamba ya plastiki, zile za kufungia nyaya, kuzunguka bomba la shokapu. Nikapanda, nikakaa nilivyo, na koti na helmeti na kila kitu, nikashuka, na kamba imebaki pale ilipoishia, inaonyesha miguu imezama kiasi gani chini ya uzito wangu. Inatakiwa izame kati ya robo na theluthi ya mwendo wake wote, si zaidi, si pungufu sana. Ikizidi, anaongeza urefu wa kile kipande cha bomba kinachokaa juu ya springi. Ikipungua, anakikata. Nguo tunashonewa kwa vipimo, viatu tunavijaribu mguuni, ila pikipiki tunapanda tu jinsi ilivyotoka kiwandani, iliyopangiwa mtu fulani wa uzito fulani ambaye si mimi wala si wewe. Kukaa kwenye mashine iliyojua uzito wako, aisee, ni heshima, ni heshima kubwa!

Ikashushwa chini. Kwanza fundi akaipampu breki ya mbele mpaka mkono ukawa mgumu, maana gurudumu likitolewa zile pedi husogea, na ukiondoka bila kupampu utafika getini huna breki. Kisha akaniambia nikandamize usukani. Nikakandamiza kwa kifua changu chote. Ikashuka, ikakutana na kitu, ikasimama yenyewe. Nikaachia. Ikapanda taratibu, mara moja, ikatulia tuli. Haikudunda. Haikulia. Haikutikisika. Nikakandamiza tena kwa sababu sikuamini, na tena kwa sababu nimependa, na tena kwa sababu ni tamu, na bado!

Sasa barabara, jamani, barabara! Nimechagua njia ya Makuyuni kwa makusudi, maana ina kila kitu cha kuijaribu miguu ya mbele. Baada ya Meserani lami inanyooka, mbuga pande zote, ng'ombe wa Wamasai kwa mbali, na upepo wa pembeni unaosukuma. Hapo zamani kruza ikipishana na basi la mikoani lililoshika kasi, lile wimbi la upepo lilikuwa linainua pua, linaishusha, linaiinua tena, na wewe unashikilia usukani kwa kukabana nao. Leo limekuja basi, likapita vuu, pua ikainuka kidogo, ikarudi mahali pake, ikanyamaza. Mara moja tu! Nikalegeza vidole. Nikaendesha kwa kushika usukani kwa wepesi, vidole viwili vitatu vikifanya kazi na vingine vikipumzika, na mashine nzito namna ile inakwenda pale ninapoitazama.

Halafu rasta. Unazijua rasta, ile mistari ya lami iliyoinuliwa, inayokupigia trrrrrr kabla ya matuta ili uamke. Rasta ndizo zinazoumbua shokapu kuliko kitu chochote, kwa sababu mapigo ni madogo, makali, na yanakuja mfululizo bila kukupa nafasi ya kupumua. Kwenye shokapu za matundu zinakutetemesha mpaka vioo vinapoteza picha na macho yanaona mambo mawilimawili. Nimefika, nimesubiri mtetemo, na nikasikia sauti ya tairi tu. Trrrrr iko chini, iko kule chini kwenye lami, haijapanda! Nikatazama kwenye kioo cha pembeni, gari la watalii lililokuwa nyuma yangu linaonekana wazi, namba zake zinasomeka. Kwenye rasta! Namba zinasomeka kwenye rasta! Nimepiga kelele peke yangu barabarani, sijali aliyenisikia.

Mto wa Mbu, matuta ni mengi, watu ni wengi, baiskeli, bodaboda, mikungu ya ndizi nyekundu imepangwa kandokando, na mtoto anaweza kukatiza wakati wowote. Pale ndipo nilipogundua zawadi ambayo sikuiagiza: breki! Sijagusa breki, ndugu yangu, breki ni zilezile, ila zimekuwa na nguvu, zimekuwa na hisia, zimekuwa za kuaminika. Kwa nini? Kwa sababu zamani nikikamata breki, nusu ya kitendo ilikuwa inaishia kwenye kuzamisha pua, mwili unatupwa mbele, macho yanaangukia lami, ndipo pikipiki ianze kupunguza mwendo. Sasa nikikamata, pua inashuka kidogo kwa utulivu, inasimama, tairi inakandamizwa chini, na mwendo unakatika palepale, sawasawa, bila papara. Naweza kushika breki huku naingia kwenye tuta. Naweza kuongeza nguvu ya vidole katikati ya breki. Naweza kukwepa shimo huku nimeshika breki, na pikipiki inakubali! Kwa usalama tu, achilia mbali raha, hela niliyotoa imelipa.

Kisha ukaja mlima. Loo! Ukipita geti la hifadhi ya Manyara, nyani wamekaa ukingoni wanakutazama, barabara inaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona zilizojikunja, mibuyu mikubwa imesimama miteremkoni, na kila kona inakuuliza swali. Kruza haipendwi kwenye kona, ndivyo tulivyoambiwa. Mimi nimeipeleka. Breki nyepesi kabla ya kona, pua ikashuka kidogo ikakaa hapo, nikalaza, na pikipiki ikaandika mstari mmoja mzima bila kuyumba, bila kujisahihisha. Katikati ya kona moja kulikuwa na kiraka cha lami kilichovimba, kile kinachokurusha nje ya mstari wako na kukupa baridi tumboni. Gurudumu likakipanda, likakishuka, mstari haukubadilika hata unene wa kidole! Nilipofika juu nilitamani kugeuza nishuke nipande upya. Nikageuza. Nikashuka. Nikapanda upya. Na bado!

Pale juu, ziwa lote la Manyara limetandazwa chini yako, nilizima injini nikaitazama ile miguu ya mbele kwa upendo wa kweli. Fikiria, mafuta ndani ya miguu ya pikipiki si jambo jipya hata kidogo. BMW waliiweka shokapu ya mabomba yenye mafuta kwenye R 12 mwaka 1935. Harley-Davidson, waliokuwa wakitumia ule mtindo wa springi zilizo wazi mbele ya pikipiki, waliingia kwenye mabomba ya mafuta mwaka 1949, wakajivunia kiasi cha kuiita pikipiki yenyewe Hydra-Glide. Tangu siku hizo mashine hizi zimebadilika injini, taa, breki na kila kitu, na bado kruza kibao duniani zinatembea kwa fimbo yenye matundu. Watengenezaji wanaijua njia bora: Harley-Davidson walipozifumua upya Softail zao kwa mwaka 2018, walizipa shokapu za mbele za Showa zenye vali ndani yake, na waliozipanda walishangilia. Kwa hiyo sisi wenye pikipiki za zamani tusikae tunatazama kwa wivu. Utamu huohuo, sehemu yake kubwa sana, unaingia kwenye pikipiki yako uliyonayo, uliyoizoea, unayoipenda!

Usiku nao una yake. Nimerudi giza limeingia, na taa kubwa ya mbele ilikuwa inamulika mahali pamoja. Umewahi kutambua jinsi taa ya kruza inavyopiga kichwa chini kila ukishika breki, lami ya mbele ikapotea, kisha ikaruka juu ikawapofusha wanaokuja? Imekwisha hiyo! Mwanga umetulia barabarani, naona kona inakotokea, naona punda pembeni, naona shimo kabla shimo halijaniona. Na abiria, wee, abiria! Nilimpakia shemeji yangu kutoka Karatu mpaka Mto wa Mbu, mtu ambaye kwa kawaida kofia yake ya chuma inagonga yangu kila tukishika breki, ko, ko, ko, njia nzima. Safari hii kimya. Aliposhuka akaniuliza kama nimenunua pikipiki nyingine. Nikamwonyesha tangi lilelile, mkwaruzo uleule. Akaizunguka pikipiki akitafuta kilichobadilika, hakukiona!

Najua unachofikiria, unafikiria bei. Sikiliza, si lazima uruke ngazi zote kwa siku moja. Anza na mafuta na sili mpya, tu, na tayari utashtuka. Hela ikipatikana, weka springi zinazolingana na uzito wako, maana hapo ndipo lilipo badiliko kubwa kuliko yote kwa kila shilingi unayotoa. Ikipatikana tena, weka emuleta, na hapo ndipo utakapoanza kunitafuta unishukuru. Na kama mfuko unaruhusu, kuna katriji kamili zinazotoa kila kitu cha ndani na kuweka mfumo mpya wenye vali za kwenda na za kurudi. Öhlins wa Sweden, wanaofanya kazi hii tangu 1976, wanazo za kumfanya mtu aote usiku. Kila ngazi ni tamu. Ila usianzie kileleni ukaruka kipimo cha uzito, maana shokapu ghali iliyopangiwa mtu mwingine itakuchosha, na springi ya kawaida iliyopimiwa wewe itakubembeleza.

Na wewe wa bodaboda usione hadithi hii haikuhusu! Ndani ya ile miguu ya mbele ya pikipiki yako ya kazi kuna fimbo ileile ya matundu na mafuta yaleyale, tena wewe unapita matuta mengi kuliko sisi sote na abiria mgongoni. Mwambie fundi wako amwage yale mafuta, aangalie sili, aweke mapya kwa kipimo sawa miguu yote miwili. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na viwiko vyako, na jioni utashuka na mabega yako mwenyewe.

Sasa nenda nje. Sasa hivi, nitakusubiri! Panda pikipiki yako injini ikiwa imezimwa, shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa uzito wako wote, achia. Ikishuka kwa kuanguka na kupanda kwa kudunda, mafuta yamechoka au springi imelemewa. Pitisha kidole kwenye bomba linalong'aa. Kikitoka na mafuta, sili imekufa, na mafuta hayo yakichuruzika mpaka kwenye breki ni hatari, usingoje. Ikishuka kwa heshima na kurudi mara moja ikatulia, una bahati, na bado ipimie uzito wako uone. Mimi nimeshaonja, siwezi kurudi nyuma. Tena sasa pua ikiwa imetulia hivi, nasikia wazi jinsi gurudumu la nyuma linavyopiga lami linavyotaka, halina habari, halijui mwenzake ameshaendelea. Nimeshaagiza za nyuma. Na bado!